Askari Kumi na Mmoja Waliokuwepo

Hii si hadithi ya hapo kale. Ni ya juzijuzi tu, na wengi waliomo bado wanakula mishahara, kwa hiyo nchi yenyewe sitaitaja. Atakayeona inafanana na kwao namwomba radhi, na namshauri asiseme kwa sauti.

Nchi hiyo ilikuwa na jeshi lililosifika ukanda mzima kwa jambo moja: halijapata kukosa askari. Kwa miaka thelathini na miwili, kila asubuhi, katika kila kambi, majina yaliitwa na yote yakaitikiwa. Wageni wa heshima waliletwa kusikiliza. Rais mwenyewe, kila siku saa saba mchana, alisoma redioni taarifa ya maneno mawili, "Wote wapo," kisha bendi ikapiga.

Siri ya utimilifu huo wala haikuwa siri. Askari akienda kuzika, akiugua, au akizidiwa na pombe ya harusi, mwenzake wa pembeni alimwitikia. Jina likiitwa, mtu alipaza sauti "Nipo, Afande!" huku akibana koo kidogo ili isifanane na ile aliyojiitikia mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kambi. Asiyemwitikia mwenzake alionekana mchoyo, na hakuna aliyemwazima hata kiberiti. Wapo waliofariki na bado wakaitikiwa mwaka mzima, mpaka familia zikaomba marehemu waachwe wapumzike.

Kanali Ngwisa Mwalongo alikuwa mkuu wa kikosi cha mpakani, kando ya Mto Nyamwela. Alikuwa mtu mrefu, mnyamavu, mpole kwa walio chini yake, na kila asubuhi alitia sahihi karatasi ya majina huku akinywa chai. Miaka kumi na tisa aliandika "Wote wapo" bila kuinua macho. Simlaumu. Ukiulizwa swali lilelile siku karibu elfu saba, na jibu likawa lilelile, hata wewe utaacha kulisikiliza.

Masika moja mto ukafurika. Ulipochoka kupita njia yake ya siku zote ukakata nyingine, ukazunguka nyuma ya lindo moja lenye askari kumi na mmoja chini ya Koplo Bushiri Ngondo. Walilala kwao, wakaamka nchi ya jirani. Hawakuvuka mto hata kidogo. Mto ndio uliowavuka wao. Na kwa kuwa mkataba ulisema mpaka ni mto, popote utakapopita, majirani walikuja na miamvuli, wakawapa pole, wakawachukua.

Kambini, asubuhi hiyohiyo, majina yakaitwa. Yale kumi na moja yaliitikiwa kwa nguvu kuliko mengine yote, maana wenzao walidhani jamaa wamekwama tu kwenye matope. Kanali akatia sahihi, akamaliza chai yake. Saa mbili baadaye ndipo habari za mto zilipofika. Karatasi ilikuwa imekwisha kwenda makao makuu, na saa saba Rais akaisoma.

Siku ya tatu alikuja langoni mke wa Koplo Bushiri, Bi. Mwanahija, mtoto mgongoni, akaletwa ofisini kwa Kanali.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mama."

"Naulizia mume wangu. Yupo?"

Kanali alitazama daftari lililofunguliwa mbele yake. "Yupo," akasema.

"Basi si mniitie?"

Kanali Mwalongo alikuwa amepigwa risasi mara mbili maishani, moja ya bahati mbaya na moja ya adui, lakini hakuna iliyomuuma kama swali lile. Alimpa yule mama kiti, akamweleza yote. Kisha akamwambia, "Nitamrudisha. Wote kumi na mmoja nitawarudisha. Nipe muda kidogo tu." Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na nia hiyo ndiyo iliyomponza.

*

Aliandika barua makao makuu, ya mstari mmoja: "Askari kumi na mmoja hawapo." Makarani waliishangaa. Neno la mwisho hawakuwahi kuliona kwenye karatasi ya serikali, wakalipitisha ofisi hadi ofisi wakitafuta jalada la kulitia. Jioni Jenerali akamwita.

"Kanali, hii 'hawapo' ndiyo nini?"

Kanali akaeleza habari za mto.

"Na karatasi ya asubuhi ya mafuriko nani alitia sahihi?"

"Mimi, Afande."

"Sasa mwongo ni nani? Wewe wa karatasi, au wewe wa barua?"

"Ni mimi wa karatasi, Afande."

Jenerali aliinamisha kichwa. Kwa mwongo kanuni ilikuwa wazi, anafukuzwa. Lakini mtu anayekiri ukweli kwa maandishi hakuwa na kifungu chake, maana waliotunga kanuni hawakutegemea. Ikabidi apandishwe cheo na apelekwe mbali. Baada ya wiki mbili redio ikatangaza kwamba Kanali Ngwisa Mwalongo ameteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Ujirani Mwema katika Wizara ya Mambo ya Nje, mwenye dhamana ya ukanda mzima.

Wenzake walimpa pole. Yeye alifurahi, na furaha yake inanisikitisha mpaka leo. Alijiambia: vijana wako kwa jirani, na mimi nimepewa kazi ya majirani, Mungu akupe nini tena? Akavua magwanda, akashona suti mbili.

Siku ya kuapishwa Waziri, Mheshimiwa Dakta Pazi Kilumanga, alihutubia kwa saa moja na robo. "Jeshini," alisema, "adui ukimwona unampiga. Huku kwetu adui ukimwona unamkaribisha chai. Ukizidi kuchukizwa naye, unapunguza sukari! Diplomasia, ndugu zangu, ni sanaa ya kwenda mahali na kurudi na picha!" Watu walisimama wakapiga makofi, na wapiga picha wakapiga picha za wapiga makofi.

Aliyekabidhiwa kumfundisha kazi alikuwa Mzee Tawakali, Mkuu wa Itifaki, mtu aliyezeeka wizarani akijua nani akae wapi. Baada ya miezi sita ya mafunzo, na ya barua za Kanali zisizojibiwa na ofisi yoyote, alimpa jalada la kijani. Ndani mlikuwa na tamko la pamoja la mkutano wa Umoja wa Majirani Wasiogombana.

"Lakini mkutano huu ni wa mwezi ujao, mzee," Kanali akasema.

"Ndiyo maana bado ni zuri," Tawakali akajibu. "Tamko ukiliandika baada ya mkutano, bwana, linaingiliwa na yaliyosemwa."

Kanali alilisoma mara tatu. Aya ya saba ilisema nchi zote zimeridhika. Akaomba iongezwe nusu aya tu, juu ya askari kumi na mmoja wa Lindo la Nyamwela.

Tawakali alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mwanangu, mimi nimezika mabalozi wanne. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mimi sitaki kuukata mkono wa mtu. Nataka vijana wangu."

"Hilo," mzee akasema, "hatuna fomu yake."

*

Mkutano ulifika. Siku ya kwanza ilikwisha katika kupanga mpangilio wa bendera. Siku ya pili ilikwisha mezani, maana nchi mbili zilizogombana zilikataa kugombana kabla ya kula. Siku ya tatu ilikuwa ya picha ya pamoja, na ngazi za kusimamia zilikwisha pangwa. Hapo Kanali Mwalongo akanyoosha mkono. Ukumbi uligeuka kumtazama, kwa kuwa katika Umoja huo mikono ilinyooshwa kuagiza maji tu.

Alisema kwa ufupi, kijeshi. Mto umehama, vijana kumi na mmoja wamebaki ng'ambo, wana wake na watoto, anaomba warudishwe. Akakaa. 

Mjumbe wa nchi jirani, Bi. Nakaya Lubasi, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, alikamata kipaza sauti. "Ndugu yangu, tunao! Na wamenenepa. Tumewasubiri wenyewe mje mwezi wa nane huu. Njooni muwachukue, hata leo, hata na mbuzi tuliowapa tunawaachia."

Kanali alihisi machozi. Miezi minane ya barua na jibu lilikuwa jepesi hivyo! Alikwisha anza kuwaza atamwambiaje Bi. Mwanahija. Hakumwona Waziri wake akiinuka.

"Taarifa, Mwenyekiti," alisema Dakta Kilumanga, akifunga kifungo cha koti. "Serikali yangu inamshukuru jirani kwa ukarimu wake. Lakini jeshi letu halijapungukiwa mtu tangu uhuru. Leo asubuhi wote walikuwepo. Serikali haiwezi kupokea watu ambao tayari inao. Tukiwapokea hao watakuwa wamezidi, na askari waliozidi, waheshimiwa, ni maandalizi ya vita!"

Ukumbi ukapiga makofi, kwa sababu hakuna aliyetaka vita kabla ya picha. Tamko likasomwa kama lilivyoandikwa mwezi uliopita, isipokuwa Mzee Tawakali, kwa kumwonea huruma mwanafunzi wake, aliongeza mstari mmoja: "Mkutano umepokea kwa furaha kubwa habari kwamba hakuna aliyepotea." Kanali aliwekwa safu ya pili. Ukiitazama picha hiyo utamwona. Ni yule pekee asiyetazama mbele.

*

Bi. Lubasi hakuwa mtu wa matamko. Alimvuta Kanali pembeni karibu na birika za chai. "Ijumaa nawaleta darajani, wote kumi na mmoja. Mtu akisimama mbele yako kwa miguu yake, nani atabisha hayupo?"

Kanali aliamini. Alikuwa bado ana imani na macho.

Ijumaa daraja la Nyamwela lilipambwa matawi ya minazi. Wizara ilipopata habari haikukataa. Ilisema tu taratibu zifuatwe, na utaratibu ulikuwa kikosi kipangwe upande wa huku, daftari liletwe, majina yaitwe. Meja aliyerithi kambi alisimama mbele. Katikati ya daraja walisimama wale kumi na mmoja, wamenyolewa, wamevaa mashati meupe waliyopewa na jirani, Koplo Bushiri mbele yao. Alimwona Kanali, akatabasamu. Nyuma ya kikosi wake zao walikuwa wamepanda juu ya mawe ili waone.

"Koplo Bushiri Ngondo!" Meja akaita.

Bushiri alivuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka ndani ya safu za kikosi, imebanwa koo kidogo: "Nipo, Afande!"

Msidhani walikuwa wabaya. Walikuwa rafiki zake. Walikuwa wamemwitikia kila asubuhi kwa miezi minane, kwa mapenzi, ili jina lake lisianguke chini, na jina lilipoitwa midomo iliitika yenyewe. Yule aliyeitikia alikuwa akimtazama Bushiri darajani na machozi yanamtoka. Meja akaweka alama. Akaita la pili, nalo likaitikiwa. Akafika la kumi na moja. Darajani watu kumi na mmoja walisimama midomo wazi, wakijisikia wenyewe wakiitika kutoka upande wa pili.

"Wote wapo," Meja akasema, akafunga daftari.

Mzee Tawakali alikohoa. Alisoma kwenye karatasi, sauti ya chini, kama mtu anayesoma wasia. Kwa kuwa askari wote wamehesabiwa na wapo, walioko darajani kisheria ni wageni wanaojifanya askari. Wakikanyaga upande huu, ni kifungo cha miaka saba.

"Mimi nawajua!" Kanali alipiga kelele, akasahau suti, akasahau wizara. "Bushiri huyu nimemfundisha mimi kulenga shabaha! Ana kovu la panga gotini! Muulizeni mkewe, yule pale!"

"Afande," Meja akasema kwa upole, maana alimheshimu. Alifungua daftari tena, ukurasa wa siku ya mafuriko. "Aliyethibitisha wapo, wa kwanza kabisa, ni nani?"

Kanali alitazama. Sahihi ilikuwa yake, na pembeni doa la chai.  

Bushiri ndiye aliyesema, kutoka kule katikati. "Afande, nenda tu nyumbani. Jua hili, na wewe kichwa huwa kinakusumbua." Kisha akawageuza wenzake nyuma, wakaondoka kwa hatua moja, kushoto kulia, vizuri kuliko kikosi chochote nilichowahi kukiona. Bi. Mwanahija aliita jina la mumewe mara moja tu. Kanali Mwalongo alilia mbele ya wanajeshi mia tatu, nao wote wakatazama viatu vyao.

*

Serikali ilivutiwa sana na jinsi jambo la darajani lilivyokwisha bila risasi. Kanali akapanda tena: akawa Balozi katika nchi hiyohiyo ya jirani. Alipewa gari, bendera ndogo ya gari, na nyumba yenye bustani. Alikataa kwa barua, na barua ya kukataa ikajibiwa kwa pongezi.

Nchi ya jirani nayo haikuwatupa wale kumi na mmoja. Iliwaandika kwenye vitabu vyake kuwa ni "wakazi waliokuja na ardhi yao," ikawapa hati za kusafiria. Balozi Mwalongo alianza kuzipekua sheria za kwao, moja baada ya nyingine, mwaka mzima, akitafuta upenyo. Kuwarudishia uraia, hawezi. Kuwaletea wake zao, hawezi. Mke wa askari aliyepo kambini haruhusiwi kuhamia nje bila mumewe. Mwishowe alipata kitu kimoja. Balozi anaweza kumpa mgeni yeyote mwenye hati ruhusa ya kuingia nchini kwa siku kumi na nne, kama mtalii. Ndilo pekee lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Akamwita Bushiri ofisini, akaijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Palipoulizwa vivutio atakavyotembelea, Bushiri alisema, "Nyumbani." Kanuni haikuruhusu, kwa hiyo Balozi akaandika, "Mandhari ya mashambani." Aligonga muhuri taratibu, asije akauharibu. Kila asubuhi mtalii alipaswa kuripoti kwa mjumbe wa mtaa, na siku ya kumi na tano angekamatwa. Bushiri akasema ameelewa, akaondoka na kifurushi cha nguo za mtoto zilizokuwa ndogo mno, maana alinunua kwa kukisia.

Siku ya kumi na mbili alirudi ubalozini. Balozi alishtuka akainuka kitini.

"Bushiri! Mbona mapema? Una siku mbili bado!"

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kuna mtu kakusumbua?"

"Hakuna, Afande. Wamenipokea vizuri." Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. "Siku mbili za kwanza mke wangu, mama Zainabu, alinitandikia mkeka wa wageni, akanichinjia kuku. Siku ya tatu akanipa jembe. Nilifurahi sana, Afande, aliponipa jembe. Nikalima. Nimelima shamba lote, mpaka lile pori la nyuma. Mvua ikija wao ni kupanda tu."

"Na mtoto?"

"Zainabu anajua kuhesabu hadi kumi. Amenionyesha." Bushiri aliigeuza kofia. "Jana jioni akaniuliza, 'Mgeni, kwenu wanakusubiri?' Mama yake akamkemea. Nikaona akimkemea tena kesho, na kesho kutwa, mtoto atanichukia. Shamba lilikuwa limekwisha. Nikaaga."

Balozi Mwalongo alichukua kalamu. Juu ya meza palikuwa na fomu ya mtalii anayerudi, ambayo kwa sheria lazima ijazwe siku hiyohiyo, na aliona afadhali aishike kuliko kumtazama yule mtu usoni. Aliandika jina. Aliandika tarehe. Je, huduma zilikuwa nzuri? Akaandika nzuri. Je, wenyeji walikuwa wakarimu? Akaandika wakarimu. Alipofika swali la mwisho mkono ulikataa. Alijaribu mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Bushiri aliinuka, akazunguka meza, akasoma begani mwake. Swali lilikuwa: "Je, ungependa kuitembelea tena nchi yetu?"

"Lete, Afande," akasema, akaitoa kalamu vidoleni mwake pole pole. Aliinama, akaandika kwa hati yake ya darasa la saba, herufi moja moja: "Ndiyo, mkinikubalia."